Nani Kamkata Tausi?

Mlioshika roho tangu wiki jana mkitaka kujua Muhsina aliona nini alipofunua lile shuka jeupe, basi aliona shimo.

Tausi hayupo.

Katikati ya pazia la hariri, pale alipokuwa amesimama jana na mkia wake wa kijani na dhahabu, palibaki uwazi. Ubao wa meza ulikuwa ukichungulia kupitia humo.

Muhsina alishika ukingo wa meza.

Wewe uliyejiunga nasi leo, shika haya machache. Muhsina kazi yake ni kukarabati vitambaa vya kale vya Ulaya. Aliisomea Ufaransa, akarudi Maskati, akageuza chumba kimoja cha nyumba yao ya Ghubra kuwa karakana. Pazia lile lilikuwa la Ammi Nasr, mfanyabiashara mzee aliyelirithi kwa baba yake, na lilikuwa likingojewa kwenye maonyesho makubwa.

Si pazia la kununua dukani. Lilifumwa Lyon, Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, zama ambazo mtambo mmoja ulitaka watu wawili: mmoja wa kupitisha uzi, mwingine wa kuvuta kamba za maua. Wakishinda kutwa, wanapata upana wa vidole viwili. Mawaridi, utepe unaojipinda kama moshi wa ubani, majani ya nyuzi za dhahabu. Kila ua lilijirudia juu hadi chini.

Tausi hakujirudia. Alikuwa mmoja tu.

Simu ililia. Muhsina alitazama jina. Ammi Nasr.

"Muhsina, mwanangu, nilikwambia wiki ijayo. Lakini nitapita leo, tukishasali adhuhuri. Nna mtu wangu anataka kuliona pazia kabla halijaondoka."

"Leo, Ammi?"

"Kwani kuna tatizo?"

"Hapana, Ammi. Karibu."

Muhsina alikata simu.

Aliinama tena juu ya meza, safari hii kwa macho ya kazi yake. Mwizi hukata mraba. Hupitisha wembe, akakunja, akaenda zake. Huyu aliyekata hapa alifuata unyoya kwa unyoya. Alizunguka kila doa la mkia bila kuligusa waridi la jirani. Mkono ulikuwa mtulivu, na ulijua kitambaa.

Aligeukia sahani ya vifaa. Sindano zipo. Kibanio kipo. Mkasi mdogo wenye mdomo mrefu haupo.

Ufunguo wa chumba hukaa jikoni, juu ya friji. Mtu wa nje angeujuaje? Na ndani ya nyumba wanakaa watu watatu. Yeye mwenyewe. Mama yake, Bi Masouda, ambaye siku hizi huamka akiuliza kama maji ya kisima yameshatekwa, maana akili yake hurudi Unguja bila ya yeye kujua. Huyo Muhsina hakumtia hata hesabuni.

Na Conjesta, anayemtunza Bi Masouda. Conjesta ambaye Muhsina mwenyewe alimfundisha, jioni za mapumziko, kuushika mkasi ule.

Muhsina alimpigia simu kaka yake. Mara tu alipokata, alijuta.

*

Thani aliingia na vumbi la mtaa wa Ghala viatuni. Ana duka la vipuri huko, na huja Ghubra kwa haraka ileile anayoendea bandarini kutoa makontena.

"Nani mwengine anajua ufunguo unakaa wapi?"

"Conjesta."

"Khalas. Umeshajibu."

"Thani, ngoja kwanza."

"Conjesta! Njoo huku!"

Conjesta alikuja akijifuta mikono. Ni mwanamke wa Bukoba, mrefu, asiyependa kusema sana.

"Naam, bosi."

"Tausi yuko wapi?"

Conjesta alitazama meza. Kisha akatazama miguu yake. Muhsina aliyaona yote mawili. Mtu asiyejua lolote angeshtuka. Conjesta hakushtuka.

"Mimi sijaiba kitu, dada."

"Sikukuuliza kama umeiba," alisema Thani. "Nimekuuliza yuko wapi. Lete mkoba wako."

Conjesta alimgeukia Muhsina.

"Dada Muhsina, mama yako namwogesha, namlisha, nalala mlangoni kwake akiwa na homa. Leo na wewe unataka nifungue mkoba?"

Palitakiwa neno moja tu. Hapana. Muhsina alilikuta mdomoni, akalimeza.

Conjesta alilisubiri. Alipoona haliji, alikwenda chumbani kwake, akarudi na mkoba, akaumwaga mwenyewe juu ya kiti. Rozari. Mafuta ya mikono. Picha ya watoto wawili waliovaa sare za shule. Na kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha jikoni.

Thani alikifunua.

Mkasi. Kwenye ncha yake umenasa uzi wa dhahabu, mwembamba kama unywele wa mtoto.

"Wallahi! Umeona? Umeona, Muhsina?"

Muhsina alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti.

"Niliutoa mahali ambapo ungemkata mtu," alisema Conjesta.

"Mahali gani?"

Conjesta aliokota rozari yake.

"Conjesta, niambie. Uliutoa wapi?" aliuliza Muhsina.

"Nimeahidi sitasema."

"Umemwahidi nani?"

Conjesta alimtazama Thani. Katika macho yale mlikuwa na hofu, lakini mtu angeangalia vizuri angejua kwamba hakuwa akijihofia yeye.

Thani hakuangalia vizuri. Alikuwa keshatoa simu kuwaita polisi. "Naita shurta. Wakija watachukua bataka yako ya ukaazi, na ukitoka kwao unapanda ndege kwenda kwenu. Hakuna kurudi Oman tena."

"Kama ni ndege, ni ndege," alisema Conjesta. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta. "Mimi nimeshaahidi."

"Ndege gani?" ilisema sauti mlangoni. "Mnamtafuta ndege wangu?"

*

Bi Masouda alikuwa amesimama pekupeku, kanga imemteleza begani. Alikuwa amekumbatia mto mdogo.

Juu ya foronya, ameshonwa kwa uzi mweupe, tausi wa Lyon alikuwa ametandaza mkia wake.

Thani alishusha simu. "Mama, umefanya nini?"

"Nimemtolea Buthaina. Hapati usingizi bila ya huyu. Humshika hapa, jichoni, mpaka usingizi ukamchukua." Akaubonyeza mto kwa kidole kuwaonyesha.

Ndugu wawili walitazamana.

"Buthaina ni nani, Mama?" Muhsina aliuliza. Jina lile halijawahi kutajwa nyumbani kwao. Si kwa Idi, si kwa msiba.

"Mdogo wangu."

"Wewe huna mdogo, Mama."

"Nnaye."

Thani alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Si nilisema? Mwaka mzima nnasema! Leo hii Mama anakuja kwangu Mawaleh. Wewe kaa hapa na matambara yako ya Kizungu, humwoni hata anapoharibikiwa mbele yako."

Bi Masouda alirudi nyuma. Akajibanza kwenye mgongo wa Conjesta, akalishika gauni lake kwa mkono mmoja.

"Si nilikwambia, Conjesta? Nilikwambia usimwambie Thani, atanitia garini."

Hapo ndipo Muhsina alipoelewa. Ahadi ile, mkasi ule, hofu ile. Alfajiri, yeye akiwa bado usingizini, Conjesta alimkuta Bi Masouda na mkasi mkononi, akamnyang'anya asijidhuru, na bibi akamshika miguu asiseme. Na mwanamke huyu alikuwa tayari kupoteza kazi na kuitwa mwizi kuliko kuivunja ahadi aliyompa mgonjwa.

"Conjesta," Muhsina alianza. "Mimi..."

"Baadaye, dada."

Lilisemwa kwa upole, na lilimuuma kuliko tusi.

Alimwendea mama yake, akaomba mto kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Bi Masouda alisita, kisha akampa.

Tausi hakuharibika. Angeweza kurudishwa mahali pake, kwa hariri ya kuegemeza chini na sindano nyembamba na miezi ya kuinama. Muhsina alianza kupumua tena.

"Weye unatazama mshono mpya," mama yake alisema. "Wangu wa zamani uko kwa nyuma. Chini ya bawa."

"Wa zamani upi?"

"Kwani hulijui? Pazia la kitanda cha mama. Babu yako alilinunua mnadani, Shangani ya Unguja, kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Miye niliangusha taa ikaliunguza bawa. Nilipigwa siku hiyo! Mama akasema, umelichoma mwenyewe, lishone mwenyewe. Nikalishona kama nilivyofundishwa kushona kofia."

"Mama, pazia hili ni la Ammi Nasr," alisema Thani. "Limetoka Ufaransa."

"Geuza, nnakwambia."

Muhsina alichukua kisu cha kufumulia. Alifumua upande mmoja wa foronya, akamlaza tausi kifudifudi. Nyuma yake mlikuwa na bitana nzito ya kitani, ya kale, ambayo hakuwahi kuigusa kwa kuogopa kuuvuta ufumaji. Alikata nyuzi chache, akaifunua.

Chini ya bawa palikuwa na kiraka kidogo kama ukucha, pembeni hariri imekuwa ya rangi ya kahawa kwa kuungua.

Wafumaji wa Lyon hawakuujua mshono ule. Vitobo vidogo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka kikawa pete.

Thani alisogea. Alivua kofia yake kichwani, akaiweka mezani kando ya kiraka.

Mshono ni mmoja.

"Limefikaje kwa Ammi Nasr?" alinong'ona Muhsina.

Kengele ya mlango ililia.

*

Ammi Nasr aliingia taratibu na bakora yake, kanzu yake nyeupe haina hata mkunjo. Aliona meza. Aliona uwazi katikati ya hariri ya baba yake. Aliegemea bakora kwa mikono miwili.

"Nani?"

"Nilikabidhiwa mimi, Ammi," alisema Muhsina. "Lawama ni yangu."

"Sikuuliza lawama ni ya nani. Nimeuliza nani amelikata."

"Mimi," alisema Bi Masouda. Alikuwa amekaa kwenye kitanda kidogo cha mapumziko pembeni mwa karakana, Conjesta kando yake. Alimtazama mgeni, uso wake ukafunguka. "Nnakujua weye. Mwana wa Bwana Hamood. Mlikaa nyumba ya pili na yetu. Ulikuwa na kigugumizi."

Ammi Nasr alifungua kinywa. Nje ya nyumba yao, hakuna mtu Maskati aliyewahi kujua kwamba alikuwa na kigugumizi.

"Mama anaumwa, Ammi," Thani alidakia. "Usimjali."

"Mwache aseme."

Na Bi Masouda akasema. Leo sauti yake haikutangatanga.

"Mwaka wa mapinduzi. Baba alikuwa keshachukuliwa, sisi tumejificha chini ya ngazi. Bwana Hamood akaingia, akasema meli inaondoka na ana nafasi ya mtoto. Mama akampa Buthaina, maana ndiye mdogo. Akalia, hataki kumwacha ndege wake. Mama akalishusha pazia kitandani, akamfunga nalo mtoto. Bwana Hamood akasema atarudi kutuchukua sisi."

"Akarudi?" Muhsina aliuliza, ingawa alikwishalijua jibu.

"Sisi tulifika Maskati wenyewe, miaka baadaye. Mama akamwendea nyumbani kwake. Bwana Hamood akamwambia, mwanao alikufa njiani. Mama akarudi, akakataza jina lile lisitajwe tena. Sikulitaja. Nimezeeka sikulitaja."

Ammi Nasr alitafuta kiti, akakaa. Alipozungumza, kigugumizi cha utotoni kilikuwa kimemrudia.

"Ha... hakufa."

"Ammi?"

"Buthaina hakufa! Ni dada yangu. Mimi na mama tulitangulia kuja Maskati. Baba akatufuata na mtoto wa kike, amefungwa kwa pazia hilihili. Akatuambia huyu ni Buthaina, mtoto wa jirani, hana jamaa hata mmoja aliyebaki. Mama akamlea. Tumekula sahani moja mpaka leo." Aliufunika uso kwa kiganja. "Kwa nini Baba alimwambia bibi yenu kuwa kafa? Kwa nini?"

"Kampenda, hakutaka kumrudisha," alisema Thani kwa uchungu. "Kwani kuna lipi jengine?"

Muhsina alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, umesikia? Mdogo wako yupo."

"Si nilikwambieni nnaye?"

"Yuko wapi, Ammi?"

Ammi Nasr alielekeza kidole dirishani. "Garini. Magoti yanamsumbua, nikamwambia asubiri nimtazamie ngazi. Yeye ndiye aliyetaka kuliona pazia. Tangu nilipolileta kwako hana raha."

Conjesta alikuwa keshatoka mbio.

Thani, yule Thani wa makontena, aligeukia ukuta akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Muhsina alimrekebisha mama yake kanga, akamvisha ndara, akampapasa nywele. Miaka yote ile, Ghubra na huko anakokaa Ammi Nasr, mwendo wa gari usiofika hata nusu saa. Pengine walikwishapishana sokoni, mmoja akinunua bizari na mwingine akipita na kikapu.

Mlango ulifunguliwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mzee mnene, abaya nyeusi, miwani mikubwa, amemwegemea Conjesta. Aliliona pazia kwanza. Kisha akamwona tausi mezani, kifudifudi, na kiraka chake wazi. Uso ulimbadilika.

"Dada," alisema Ammi Nasr, "kaa kwanza. Nna habari. Huyu bibi..."

"Nimeambiwa njiani," alisema, akimtazama Conjesta. Hakukaa.

Bi Masouda alinyanyuka kwa nguvu zake mwenyewe. Alimsogelea mgeni, akamvua miwani, akaushika uso wake kwa viganja viwili. Alimtazama. Alimgeuza shavu upande huu, akamgeuza upande ule.

Muhsina alikuwa akilia waziwazi sasa.

Bi Masouda aliuachia uso ule.

"Huyu siye."

"Mama," alisema Muhsina, "alikuwa mdogo sana. Amekua. Hata wewe umekua."

"Nnajua nimekua. Huyu siye."

"Anamngojea mtoto," Thani alimwambia mgeni kwa sauti ya chini. "Tusamehe, Bibi. Ni maradhi, kichwa chake hakimpi..."

"Msimsingizie maradhi."

Aliyesema ni mgeni. Alikuwa ameichukua miwani yake mkononi mwa Bi Masouda, lakini hakuivaa.

"Bibi kasema kweli. Mimi siye Buthaina. Jina hili nilivishwa."

"Dada!" Ammi Nasr alisimama. "Unasema nini?"

"Nilikuwa mkubwa kuliko Buthaina, Nasr. Mkubwa wa kukumbuka. Baba aliniambia nisiseme, na nimemtii akiwa hai, nikamtii akiwa kaburini. Tulipandishwa meli watoto wawili. Alishuka na mmoja."

Bi Masouda hakulia. Alimshika mgeni mkono, akamkalisha kitandani taratibu, kama anavyokalishwa mtoto aliyetumwa dukani pamoja na mwenzake akarudi peke yake.

"Na mwenzio," alimuuliza, "umemwacha wapi?"